Goti lililopona kwa siku tatu: kisa cha mama wa Pumwani

Mgonjwa ni mama wa miaka 58, mkazi wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, ambaye ameuza mitumba soko la Gikomba karibu umri wake wote wa utu uzima. Magoti yalianza kumsumbua miaka minne kabla ya kisa hiki, la kulia zaidi ya la kushoto. Asubuhi goti lilikuwa gumu kwa dakika chache, likalegea akishatembea kidogo, kisha jioni likauma tena baada ya kutwa nzima ya kuinamia marobota. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba nafasi kati ya mifupa ya goti imepungua upande wa ndani na vipembe vya mfupa vimeota pembeni. Huo ni ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, osteoathraitisi. Uzito wake ulikuwa kilo 91. Alikuwa na presha pia, na kila asubuhi alimeza tembe moja yenye losartan na hydrochlorothiazide. Sukari hakuwa nayo.

Kilichomuumiza moyo kuliko goti lenyewe ni sala. Alikuwa akiswali juu ya kiti cha plastiki. Anajua vizuri kwamba dini imempa ruhusa hiyo, na bado ilimkaa kifuani. "Mwanangu, tangu Ramadhani ya mwaka juzi paji langu halijagusa mkeka," aliniambia siku alipokuja dukani kununua dawa ya kupaka. Naliandika hili mapema kwa sababu asiyelielewa atamwona mama huyu mjinga, na mjinga si yeye. Ni mtu anayeweza kukuambia faida ya robota kabla halijafunguliwa kamba.

Mimi ni mfamasia katika duka la dawa mtaani humo. Kisa nakiandika kwa ruhusa yake, bila jina lake, na bila jina la aliyemuuzia.

Chupa

Chupa ilitoka kwenye chama, kikundi chake cha wanawake. Mwenzake mmoja, ambaye naye alikuwa akilalamika magoti, alifika kwenye mkutano wa Jumapili akipanda ngazi bila kushika ukuta. Wote wakamuuliza. Akatoa chupa nyeupe ya plastiki yenye picha ya jani la kijani na goti linalong'aa. Lebo ilitaja glukosamini, kondroitini, kolajeni na manjano, ikaahidi kwamba kila kilichomo ni cha asili na hakina madhara. Anwani ya mtengenezaji haikuwepo. Namba ya toleo haikuwepo. Bei ilikuwa shilingi 2,500 kwa chupa ya mwezi, na muuzaji alikuwa namba ya WhatsApp iliyoleta mzigo kwa bodaboda.

Alianza kumeza tembe mbili kwa siku. Siku ya tatu aliamka na goti jepesi. Wiki haikuisha kabla hajakirudisha kile kiti cha plastiki jikoni na kusujudu chini, akalia. Binti yake, aliyenisimulia sehemu hii, alisema nyumba nzima ilifurahi na yeye mwenyewe ndiye aliyetuma pesa za chupa ya pili.

Miezi iliyofuata ilileta mambo ambayo kila moja peke yake lilikuwa na maelezo yake. Hamu ya chakula iliongezeka. Usingizi ukapungua, lakini alisema ana nguvu nyingi, anaamka saa tisa usiku na kukunja nguo. Uso ukajaa na kuwa wa duara. Hapa Nairobi uso wa namna hiyo hupokelewa kwa pongezi: majirani walimwambia amenawiri, kwamba watoto wanamtunza, na mmoja akauliza kama kuna heri nyumbani ambayo hawajaambiwa. Michubuko ya rangi ya zambarau ilijitokeza mikononi akigonga kidogo tu kwenye meza ya kibanda. Miguu ilivimba jioni.

Katika mwezi wa tatu wa kumeza tembe hizo kliniki ya presha ilimpata na vipimo vilivyopanda, wakamwongezea dawa ya pili. Wiki chache baadaye kiu na kwenda haja ndogo usiku vilimrudisha, na safari hii sukari ilisoma 15.8. Akaanzishiwa metformin, dawa ya sukari, na kupewa mazungumzo ya kupunguza ugali na chai ya sukari. Alipoulizwa anatumia dawa gani, alijibu ukweli kama alivyoujua: ile ya presha. Chupa ya jani la kijani aliambiwa ni chakula.

Mwezi wa nne muuzaji alizima simu. Chupa ikaisha.

Siku ya nne bila tembe, binti alikuja dukani akitaka dawa ya malaria na maji ya chumvi na sukari. Mama yake alikuwa anatapika, hawezi kusimama bila kizunguzungu, na viungo vyote vilikuwa vinauma, hata vile ambavyo havijawahi kuuma. Nilimuuliza kama kuna kitu chochote alichokuwa akimeza, kunywa au kupaka ambacho ameacha hivi karibuni. Alifikiri, akasema, "Labda zile za goti, daktari, lakini zile ni za miti shamba." Nilimwomba alete chupa tupu na, kwa kuwa ni jirani, alete na mama. Presha ilikuwa 86 kwa 52. Mtu ambaye kliniki ilikuwa imemwongezea dawa ya kuishusha presha! Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Wakapanda teksi kwenda hospitali ya umma wakiwa na chupa na barua yangu fupi, iliyosema nashuku alikuwa akimeza steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe, iliyofichwa na kwamba ameiacha ghafla.

Kwa nini nilishuku

Tuhuma ilianza na ile furaha ya siku ya tatu.

Glukosamini ni sukari yenye amino ambayo mwili hujitengenezea, na hutumika kujenga minyororo mirefu inayolipa gegedu, ile tishu telezi inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, uwezo wake wa kushika maji na kuhimili uzito. Ile inayouzwa hutoka zaidi kwenye maganda ya kamba na kaa, au hutengenezwa kwa kuchachusha mahindi. Kondroitini hutoka kwenye gegedu la ng'ombe, nguruwe, kuku au papa. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo unaoingia na kutoka kadiri kiungo kinavyobanwa na kuachiliwa, na ndiyo sababu goti lisilotembezwa hudhoofu. Tishu ya namna hii haikarabatiwi kwa siku tatu na kitu chochote. Hata watafiti wanaoiamini glukosamini huwapa wagonjwa wao wiki nyingi, mara nyingi miezi miwili au mitatu, kabla ya kusema imesaidia au haikusaidia.

Kinachoweza kumwinua mtu kitandani kwa siku mbili tatu ni dawa kali ya kuzima uvimbe. Na hapa hatubuni. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo zaidi ya mara moja kuhusu bidhaa zilizouzwa kwa majina ya Artri King na Artri Ajo King, zilizotangazwa kuwa saplimenti za viungo zenye glukosamini na mimea. Maabara ilikuta katika baadhi yake diclofenac, dawa ya maumivu na uvimbe, na dexamethasone, ambazo hazikuandikwa popote kwenye lebo. Mamlaka hiyo ilieleza kwamba imepokea ripoti za madhara makubwa, pamoja na kuharibika kwa ini na vifo. Iliwaonya pia watumiaji wasiziache ghafla bila kumwona daktari. Watu wengi waliosambaza onyo hilo mitandaoni walisambaza sehemu ya kwanza, "tupa hiyo chupa", wakaiacha ya pili, na hiyo ya pili ndiyo iliyokaribia kumuua mama wa Pumwani.

Dexamethasone ni steroidi yenye nguvu mno: takriban miligramu 0.75 zake hufanya kazi ya miligramu 5 za prednisolone. Mikononi mwa daktari huokoa maisha. Ikimezwa kila siku kwa miezi, bila kipimo kinachojulikana, hupandisha sukari na presha, hukusanya mafuta usoni na tumboni, hufanya ngozi kuwa nyembamba mpaka ichubuke kwa kugusa, hula misuli ya mapaja na kudhoofisha mifupa. Hufukuza usingizi na kuleta uchangamfu usio na chanzo. Ukirudi kuyasoma mabadiliko ya mama huyu, yote yamo, kuanzia uso wa duara hadi nguo zinazokunjwa saa tisa usiku.

Madhara yake makubwa zaidi hayaonekani mpaka dawa iondoke. Juu ya kila figo imekaa tezi ya adrenali, ambayo kila alfajiri hutoa kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari na kumwezesha mtu kuhimili ugonjwa na dhiki. Ubongo ukiona steroidi nyingi kwenye damu, huacha kuiagiza tezi ifanye kazi. Tezi hulala. Dawa ikikatika ghafla, mwili hauna ya nje wala ya ndani, na mtu huanza kutapika, kulegea, kuumwa mwili mzima na kushuka presha. Ni rahisi kuiita malaria, homa ya matumbo au uchovu. Akipata maambukizi siku hizo, anaweza kufa.

Hospitali walipima kotisoli ya asubuhi, ikawa chini mno. Kipimo hiki kina uzito katika kisa kama chake, kwa sababu dexamethasone haihesabiwi kama kotisoli na vipimo vya kawaida. Kilichosomwa kilikuwa cha tezi zake mwenyewe, na tezi zilikuwa zimenyamaza. Walimpa hydrocortisone, steroidi inayochukua nafasi ya kotisoli, kwenye mshipa na maji, na kesho yake akaketi mwenyewe akaomba uji.

Kreatinini pia ilikuwa imepanda, dalili kwamba figo zimeumia. Kutapika na presha iliyoanguka vilichangia, lakini kwangu sababu kubwa ni diclofenac. Mama wa presha aliyekwishapewa losartan na hydrochlorothiazide hafai kuongezewa diclofenac ya kila siku. Figo hulinda mtiririko wake wa damu kwa kupanua mshipa unaoingia na kubana mshipa unaotoka. Diclofenac huzuia ule upanuzi wa mlangoni, losartan hulegeza kule kwa kutokea, na hydrochlorothiazide huwa imeshapunguza maji mwilini. Msukumo wa kuchuja hupotea. Daktari yeyote angejua kuepuka mchanganyiko huo, lakini atauepuka vipi kama moja ya dawa hizo imefichwa ndani ya chupa yenye picha ya jani?

Nasema wazi kiwango cha uhakika wangu. Kwamba alimeza steroidi kwa miezi, nina hakika, kwa sababu mwili wake uliandika ushahidi kuanzia usoni hadi kwenye damu, na hakuwa ametumia sindano ya goti, krimu ya kung'arisha ngozi wala dawa ya pumu. Kwamba ilikuwa dexamethasone hasa, na kwamba diclofenac ilikuwepo, ni hitimisho langu kutokana na dalili na mfano wa bidhaa zilizokwishanaswa. Chupa nyingine yenye mabaki ya tembe tatu ilipatikana kutoka kwa mwanachama mwingine wa chama, nikaripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya. Bodi ina mfumo wa mtandaoni wa kupokea ripoti za madhara, na si wahudumu wa afya pekee wanaoweza kuutumia: mgonjwa au jamaa yake anaweza kuripoti mwenyewe. Ripoti ya dawa au saplimenti inayoshukiwa kumdhuru mtu ina uzito hata kabla ya maabara kusema lolote.

Basi hakuna saplimenti inayosaidia goti?

Hili ndilo swali aliloniuliza mwenyewe alipotoka hospitali, na lilistahili jibu kamili. Ni rahisi mtu aliyeumizwa na bidhaa bandia kuambiwa zote ni uongo. Si kweli, na akija kugundua kwamba umetia chumvi, hatakuamini siku nyingine.

Utafiti mkubwa unaotajwa zaidi ulichapishwa Marekani mwaka 2006, ukijulikana kwa kifupi cha GAIT. Watu 1,583 wenye osteoathraitisi ya goti walipewa ama glukosamini miligramu 1,500 kwa siku, ama kondroitini miligramu 1,200, ama zote mbili, ama celecoxib, dawa ya maumivu, ama tembe tupu zisizo na dawa, kwa wiki 24. Waliopata nafuu ya angalau asilimia 20 ya maumivu walikuwa karibu asilimia 64 kwa glukosamini, 65 kwa kondroitini, 67 kwa mchanganyiko na 70 kwa celecoxib. Kwa tembe tupu walikuwa asilimia 60. Isome tena namba hiyo ya mwisho. Watu sita kati ya kumi walipata nafuu kwa kumeza kitu kisicho na chochote, kwa sababu maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na kwa sababu kutunzwa na kutumaini kunapunguza maumivu kweli. Ndiyo maana ushuhuda wa chama hautoshi, hata ukitolewa na watu waaminifu. Katika kundi dogo la wenye maumivu makali zaidi, mchanganyiko ulionekana kusaidia kuliko tembe tupu, asilimia 79 dhidi ya 54, ila kundi lilikuwa dogo mno kujenga hoja juu yake.

Kabla ya hapo, mwaka 2001, utafiti wa Ubelgiji ulifuatilia watu 212 kwa miaka mitatu na kukuta kwamba waliomeza glukosamini salfeti hawakupoteza nafasi ya kiungo kama wenzao. Matokeo hayo yalizua matumaini makubwa, lakini bidhaa iliyotumika ilitoka kwa kampuni iliyokuwa na maslahi kwenye jibu. Mwaka 2010 wachambuzi waliunganisha tafiti kumi zenye wagonjwa 3,803 na kusema tofauti na tembe tupu ni ndogo mno kwa mgonjwa kuihisi. Leo Chuo cha Rumatolojia cha Marekani, chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo, kinashauri kwa nguvu dhidi ya glukosamini kwa goti, huku kundi la wataalamu la Ulaya, ESCEO, likiiweka glukosamini salfeti ya fuwele ya kiwango cha dawa miongoni mwa hatua za mwanzo. Wataalamu wa kweli hawakubaliani. Msimamo wangu uko katikati na umeegemea upande wa mashaka: kuna watu inaowasaidia kidogo, polepole, na kwa wengi tofauti haionekani.

Ubani ulinishangaza zaidi. Dondoo za ubani wa India, ule wa mti wa Boswellia serrata, zimeonyesha nafuu ndogo ya maumivu katika tafiti kadhaa, na bibi zetu wanaochoma ubani jioni wangefurahi kusikia, ingawa moshi wa chetezo haufanyi kazi hiyo. Manjano nayo ina tafiti fupi zenye matokeo ya kutia moyo, lakini tafiti hizo hutumia dondoo nzito kuliko ile inayoingia kwenye mchuzi, na dondoo hizo zimehusishwa na madhara ya ini kwa watu wachache, hasa zikichanganywa na pilipili manga ili zifyonzwe zaidi. Kolajeni, ile ya kukoroga kwenye chai, humeng'enywa tumboni kama protini nyingine yoyote; haisafiri nzima mpaka gotini. Supu ya kongoro ni chakula kizuri, na sina neno baya juu yake, lakini usiilipie bei ya dawa.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: je, kwenye hiyo chupa aliyokuwa akimeza kulikuwa na nguruwe? Swali la haki kabisa. Kondroitini inaweza kutoka kwa nguruwe, na ganda la kapsuli la jelatini vilevile. Ganda la kamba halikumpa shida. Tulikubaliana kwamba chochote atakachomeza siku za usoni kitakuwa na chanzo kilichoandikwa, na kama lebo haisemi, hatakimeza.

Mpango

Steroidi ilipunguzwa hatua kwa hatua kwa miezi kadhaa chini ya daktari, huku kotisoli ikipimwa tena. Alipewa kadi ya kubeba kwenye mkoba inayosema tezi zake zimelala, ili akiugua ghafla au akihitaji upasuaji, anayempokea ajue. Dawa ya pili ya presha iliondolewa. Sukari ilishuka yenyewe kadiri steroidi ilivyopungua, na metformin ikaachwa baadaye, ingawa anapimwa bado kwa kuwa mwili ulioyumba mara moja unaweza kuyumba tena. Kreatinini ilirudi karibu na kawaida.

Goti, bila shaka, lilirudi pia. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu, na hapa ndipo wagonjwa wengi hurudi kutafuta ile namba ya WhatsApp. Jeli ya diclofenac ya kupaka ilimsaidia. Kiasi kinachoingia kwenye damu kupitia ngozi ni kidogo sana kulinganisha na tembe, na daktari aliiruhusu baada ya figo kutulia. Mtaalamu wa fiziotherapia alimpa mazoezi ya misuli ya mbele ya paja: kuketi na kusimama kutoka kwenye kiti bila kutumia mikono, na kuinua mguu ulionyooka akiwa amelala. Kile kiti cha plastiki kikapata kazi mpya. Nguvu ya paja ndiyo inayolipunguzia goti mshtuko wa kila hatua, na steroidi ilikuwa imemla misuli hiyo hiyo, kwa hiyo alianza chini ya sifuri.

Uzito nao tuliuzungumza bila kumuaibisha. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulipima mzigo unaoliangukia goti la watu wazima wanene na kukuta kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti kama kilo nne kwa kila hatua. Nilimfanyia hesabu kwa lugha ya Gikomba: punguza kilo tano, na kila unapokanyaga goti linatua mzigo wa kilo ishirini. Alitikisa kichwa akasema hakuna mchukuzi anayepata punguzo kama hilo. Kilo za steroidi zilitoka kwanza, kisha chapati za asubuhi zikapungua na safari za miguu hadi kibandani zikaongezeka.

Kuhusu glukosamini, alitaka kuijaribu, na sikumkataza. Hakuwa akitumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo glukosamini inaweza kuongeza nguvu yake na kuleta kutokwa damu, na hakuwa na mzio wa kamba na kaa. Masharti yalikuwa matatu: inunuliwe kutoka duka lenye leseni na mtengenezaji anayejulikana, iwe glukosamini salfeti miligramu 1,500 kwa siku bila msururu wa vitu kumi vingine, na apimwe sukari mara kwa mara. Binti alimwandikia kwenye kalenda ya ukutani alama ya maumivu, sifuri hadi kumi, kila Ijumaa. Baada ya miezi mitatu tungeisoma kalenda. Alama zikishuka kwa kiasi kinachobadilisha maisha yake, angeendelea. Zisiposhuka, angeacha na pesa zirudi kwenye matunda na mboga.

Zilishuka kutoka saba hadi nne. Lakini katika miezi hiyo hiyo alikuwa amepungua kilo sita na paja limerudi kuwa na nguvu, kwa hiyo nilimwambia hatuwezi kuipa glukosamini sifa zote. Aliacha kuimeza mwezi uliofuata ili kuona. Alama zilibaki nne, wiki moja tano. Hajainunua tena. Swala ya alfajiri, goti likiwa gumu, anaisalia kwenye kiti. Za jioni anasujudu chini, akiweka mto mwembamba chini ya magoti.

Wengine wa chama

Kazi iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko mgonjwa mmoja. Chama kile kina wanawake zaidi ya kumi, na zaidi ya nusu walikuwa wamenunua chupa. Binti yake alitaka kutuma ujumbe kwenye kundi lao la simu kuwaambia watupe kila kitu usiku huo. Nilimsihi asifanye hivyo. Aliyemeza wiki moja anaweza kuacha. Aliyemeza miezi anaweza kuanguka kama mama yake. Ujumbe uliotumwa hatimaye ulisema: usinunue tena, usiache ghafla kama umemeza zaidi ya wiki mbili au tatu, njoo na chupa yako kesho, na mwambie daktari hata kama hakuuliza.

Wengi walikuja. Mmoja, mwenye uso wa duara na sukari mpya kama ya mwenzake, alipelekwa hospitali siku hiyo hiyo na akaanza kupunguziwa polepole. Wawili walikuwa wamemeza siku chache tu na waliacha bila shida. Yule aliyeleta chupa ya kwanza mkutanoni alikataa kwa muda mrefu. Alikuwa na akiba, alikuwa anapanda ngazi, na aliona tunamwonea wivu. Mama wa Pumwani ndiye aliyemwendea nyumbani kwake, si mimi. Alikwenda na kadi yake ya hospitali, akamwonyesha picha yake ya mwezi wa tatu, ile ambayo kila mtu alisema amenawiri, na akamwambia, "Dada yangu, hebu jitazame kwenye kioo." Walikuja pamoja wiki iliyofuata, na mashine ya sukari ilisoma 13.